Ramu ya Tumpale

Tulimzika Tumpale kwao Isongole, asubuhi yenye ukungu, kwenye udongo mwekundu uliokuwa bado umelowa mvua. Kaka Halinga ndiye aliyenipigia simu. Hakuzunguka. Alisema, "Namwinga, mwenzako ametutoka," na nyuma yake nikasikia honi ya lori na mtu akiuliza kama mashine ya kudurufu imepona, nikajua yupo palepale dukani kwake Tunduma, mahali tulipoanzia. Ulikuwa ugonjwa mfupi, alisema, hata waliokuwa naye hawakuamini. Siku ya mazishi waliosimama kueleza habari zake walisema mengi, na yote ni kweli: kwamba alikuwa mwalimu wa Kiswahili na Historia asiyeona ubao, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kusinzia darasani kwake, kwamba insha za wanafunzi alizisahihisha kwa kusomewa na kompyuta, kwamba alikwenda chuo kwa juhudi zake mwenyewe. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, nikalifikiria neno hilo, juhudi, jinsi linavyofuta vyumba na vyakula na watu. Maana nilikuwepo. Kabla ya chuo kulikuwa na mwaka mmoja wa Tunduma, na katika mwaka huo maisha yote ya Tumpale yalisimama juu ya kijiti cha kijani kisichozidi urefu wa kiganja.

Tulipanga chumba mtaa wa Sogea, kwenye nyumba ndefu ya vyumba vinavyotazamana, ambayo kuta zake hazikufika kwenye paa. Mwenye nyumba alikuwa ameziachia njiani, labda tofali zilimwishia, na kwa hiyo nafasi iliyobaki chini ya mabati ilikuwa ya wote. Moshi wa mkaa wa jirani ulikuwa moshi wetu. Ukikaanga dagaa, nyumba nzima ilijua mwezi wako umekaaje. Na maneno yalipita humo bila kubisha hodi: watu waligombana, waliomba, walisengenya, nasi tukisikia kila kitu huku tunachambua maharage. Nje kulikuwa na malori. Yalipanga mstari kuanzia mpakani hadi mbali kuelekea Mpemba, yakingoja karatasi, na injini zake zilikuwa kama kikohozi cha mtu mmoja mkubwa aliyelala barabarani. Mimi nilikuwa nikishinda dukani kwa Kaka Halinga, fundi wa kompyuta, mtu wa Mbozi mwenye mikono mipana ya mkulima wa kahawa, nikiwachapia madereva na mawakala wa forodha hati zao. Tumpale alikuwa akingoja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na hadi leo sijamwona mtu anayengoja kwa bidii kama ile. Alikaa juu ya godoro, miguu ameikunja, vidole vyake vikitembea juu ya kitabu chake kimoja cha nukta nundu alichokwisha kukijua chote, akikisoma tena ili vidole visisahau.

Alikuwa akingojea nini, kila mtu pale nyumbani alijua, kwa sababu ya zile kuta. Chuo cha ualimu kilikuwa kimemkubali, lakini kwa sharti lililotolewa kwa upole: hawakuwa na mtu wa kumsomea. Kama angeweza kusoma na kuandika mwenyewe kwa kompyuta, basi afike muhula unapoanza, ajaribiwe. Kama bado, asubiri hadi itakapopatikana namna. Tumpale alijua kusubiri namna ni nini. Alikuwa amesubiri namna tangu utotoni. Usharika wa kwao, ofisini, ulikuwa umepata kompyuta mpya, na mchungaji akasema ile ya zamani apewe binti asiyeona, maana alisikia ipo programu inayosoma maandishi kwa sauti. Ndivyo ilivyoshuka Tunduma juu ya magunia ya viazi, sipiyu nzito ya rangi ya majivu na monita ambayo mwenyewe hakuihitaji. Umeme kwao ulikuwa haujafika. Kwetu ulikuwepo, siku ulipopenda.

Kaka Halinga aliiweka ile programu siku ya Jumapili baada ya ibada, akiwa bado amevaa suruali ya kanisani. Tulikuwa tumepika ugali wa dona na mlenda, akala nasi kwanza, akanawa, ndipo akagusa mashine. Sauti ilipotoka tulishtuka. Ilikuwa ya kiume, ya puani, na ilisoma Kiswahili kama mtu aliyekikariri mbali sana bila kuonana na wenyewe. "Karibu" ilikuwa "karrr-ibu". Na ilipofika kwenye mstari ambao haujaandikwa kitu, ilisema neno moja, kavu, bila huruma: "Tupu." Tumpale alicheka hadi akajishika ubavu. Kisha sauti ya Mama Kasuba, Mzambia aliyepanga chumba cha pili, mama mzima mwenye biashara ya vitenge, ikashuka kutoka juu ya ukuta.

"Ninyi mabinti, huyo mwanaume anayeongea puani mmemtoa wapi?"

"Ni kompyuta, mama," nikajibu.

"Ee mukwai," akaitikia kwa Kibemba. "Wote huwa wanaanza hivyo. Mwambieni shemeji apunguze sauti, nasikiliza redio."

Tangu siku hiyo akaitwa Shemeji. Nikirudi kazini Mama Kasuba aliniuliza Shemeji ameshindaje, nami jibu langu lilikuwa lilelile: Shemeji ni mgonjwa. Maana alisema neno moja, mawili, halafu akakwama. Tumpale alibonyeza herufi, kimya. Akabonyeza nyingine, kimya. Kisha, wakati amekwisha kata tamaa na kuanza upya, herufi zote zilimwagika kwa pamoja kama mahindi kutoka kwenye gunia lililopasuka. Mtu anayeona angeweza kutazama skrini na kuvumilia. Yeye hakuwa na skrini. Kwake, kimya cha mashine kilikuwa giza la pili, na ndani yake hakujua kama ameandika au hajaandika. Siku moja nilirudi nikamkuta ameweka kiganja juu ya sipiyu, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Inafikiri," aliniambia. "Nasikia inavyofikiri. Ila haina pa kushikia."

Kaka Halinga alisema vivyo hivyo kwa maneno yake. Alifungua ubavu wa sipiyu, akampa Tumpale mkono aingize ndani aguse, akamweleza kila kitu kwa kukipitisha chini ya vidole vyake. Huu ni ubao mkuu, mazabodi, mambo yote yanakutana hapa. Hii ni diski, ndicho kihenge, humo mahindi yote yamo. Na huyu mwembamba aliyesimama hapa ni ramu. "Ramu ni ungo," alisema. "Kihenge kinaweza kujaa hadi juu, lakini kama ungo wako ni wa kitoto, utapeta konzi moja moja hadi jua lizame. Shemeji wako anapetea kwenye kisahani." Akaichomoa ile ramu ndogo, akaisugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, akairudisha, na kwa dakika chache Shemeji alizungumza vizuri, kisha akakwama palepale. Ilibidi itafutwe kubwa zaidi. Hapo nikauliza swali la mtu asiyejua: si tununue tu? Kaka Halinga alinitazama kwa subira. Ramu hainunuliwi kwa kupenda, alisema. Anayechagua ni mazabodi. Kila mazabodi imezaliwa na kizazi chake cha ramu, na pengo lililokatwa kati ya meno ya ramu limewekwa makusudi ili wa kizazi kingine asiingie hata ukimsukuma. Maduka ya Mbeya yalikuwa na za kizazi kilichofuata tu. Za kizazi cha mashine yetu hazikuletwa tena. Zilibaki upande wa pili wa mpaka, Nakonde, kwenye vibanda vya vitu vilivyobomolewa, na huko wenye vibanda walikuwa na desturi yao: walibandua lebo zote kabla ya kuuza, ili mtu asije kesho na kijiti mkononi akidai kwamba alikinunua hapo. Ramu ililala pale bila jina, nyingi, kwenye karai, kama dagaa.

Na watu wa Tunduma nao walikuwa na imani yao. Kitu kilichotoka migodini, kule kaskazini mwa Zambia kwenye shaba, kilikuwa bora kuliko vyote. Buti za mgodini hazipasuki. Betri ya mgodini haifi. Hata kamba, ukiambiwa ni ya mgodini, hujibizani. Kwa hiyo Kaka Halinga alipoletewa ramu ya mgodini, pana, nzito, iliyojaa vidonge vyeusi pande zote mbili, na muuzaji akamwapia kwamba ilitoka kwenye mashine kubwa ya ofisi ya mgodi, hakuna aliyekuwa na shaka, hata yeye. Pengo lilikuwa mahali pake. Alimpa Tumpale aishike kwanza, akaipima uzito, akatabasamu. Ikaingia. Vishikizo vya pande zote vikalia kama ulimi unaogonga kaakaa. Mama Kasuba alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya ifisashi, mboga aliyoiunga kwa karanga, ameshaipika ya kusherehekea. Kaka Halinga akabonyeza. Feni ikazunguka. Kisha ikatoka sauti, lakini haikuwa ya Shemeji: mlio mmoja mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya, kama ndege aliyenaswa. Alijaribu nafasi ya pili. Alisugua meno. Aliipuliza. Alijaribu hadi jasho likamtoka kidevuni. Ilikuwa imekaa sawasawa mahali pake na mashine haikuitambua.

Nimewahi kukaa na watu waliopokea habari mbaya za kila namna, na bado nakikumbuka chakula kile. Tulikula ile mboga ya karanga, tukaisifu kwa adabu. Tumpale alikula akamaliza, akaomba aongezewe, na mimi niliyemfahamu nikajua kwamba anafanya hivyo ili Mama Kasuba asione haya kwa kusherehekea mapema.

Siku zile ndipo alipokuja baba yake mdogo. Mzee huyu alikuwa akileta viazi Tunduma na mara nyingi alipita kutujulia hali, mtu mrefu, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata joto likizidi. Safari hii hakuingia moja kwa moja. Alimkuta Kaka Halinga uani, akimrudishia jirani koleo, na wakaanza kuzungumza wakiwa wamesimama, nyuma tu ya ukuta wetu. Sisi tulikuwa ndani tunamenya viazi alivyotuletea. Hawakujua, au labda mzee alijua.

Alianza kwa kumshukuru fundi. Akasema amesikia habari za ile ramu. Akasema kule nyumbani watu wanamuuliza binti yupo wapi, anafanya nini mjini mtu asiyeona, na yeye hana la kuwajibu. Kisha sauti yake ikashuka, lakini kuta zile hazikujali sauti imeshuka kiasi gani.

"Fundi, mimi si mtu mbaya," alisema. "Nilimbeba huyu mtoto mgongoni kumpeleka shule, mvua ikininyeshea. Ila nimeona. Wanampa kidogo, anafurahi, wanachukua. Ukimpa mtu tumaini, ujue na mahali utakapoliweka likivunjika. Wewe utaliweka wapi?"

Kisu changu kilikuwa kimesimama. Cha Tumpale kiliendelea, taratibu, ganda likishuka refu bila kukatika.

"Sijui, mzee," Kaka Halinga akasema. "Nipe muda kidogo."

"Nakwenda Isansa kumwona dada yangu. Jumatatu napita hapa. Kama hiyo mashine inasema, nitaisikia mwenyewe. Kama haisemi, naondoka na mwanangu."

Alipoingia tulimwamkia, akaitikia, akakaa, akanywa chai, na hakuna hata mmoja wetu aliyeyataja maneno yale. Alipoondoka Tumpale akanawa mikono, akanyoosha vidole vyake, akasema kwamba baba mdogo hajakosea. Alinifafanulia kama mwalimu ambaye bado hajawa: kwamba watu hudhani kipofu anaogopa giza, kumbe anachoogopa ni kubebwa. Akirudi Isongole safari hii watampenda, watampa kiti mahali pazuri, watamletea chakula, na hatatoka tena kwenye kiti kile. Alisema haya bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, na yeye akajua, kwa sababu niliacha kuzungumza.

Jumamosi Kaka Halinga alifika akiwa amefunga duka, jambo ambalo hakulifanya kamwe siku ya soko. Alikuwa amempigia fundi mwenzake wa Mbeya, wakaelezana. Ramu za mashine kubwa, zile zinazofanya kazi bila kuzimwa kwenye mabenki na migodi, zimetengenezwa tofauti. Kila upande una vidonge tisa badala ya vinane: kile cha tisa kazi yake ni kuwachunga wenzake wasikosee. Na katikati vimo vingine vya kupokea na kupitisha amri. Mazabodi ya nyumbani haijui kuzungumza na wachungaji hao, basi inakataa kuamka. Tunachotaka ni kijiti cha kizazi chetu, pengo letu, vidonge vinane upande huu na vinane upande ule, katikati pasiwe na kitu. "Tatizo," alisema, "ni kwamba mle vibandani ni giza, na vijiti vyote vimegandana vumbi na gundi ya lebo. Nitachambua hadi jioni na macho yataniuma." Tumpale alikuwa amekwisha simama akitafuta viatu vyake kwa mguu.

Tulivuka kwa njia ya wenyeji, katikati ya maduka, Tumpale ameshika kiwiko changu, na ramu yake ndogo ya zamani ameifunga kwenye pembe ya kitenge kama nauli. Mtu asiyeijua sehemu hiyo hawezi kuona nchi moja inaishia wapi. Yeye aliijua kwa masikio. "Tumefika Zambia," alisema, "watu wameanza kubishana kwa adabu." Kibanda kilikuwa cha mtu aliyeitwa Ba Mulenga, amekaa juu ya kasha la televisheni, na mbele yake karai la ramu. Kaka Halinga akaeleza shida. Tumpale akachuchumaa, akafungua pembe ya kitenge, akaipitisha ramu yake kwenye vidole vya mkono wa kushoto, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, upande mmoja, kisha wa pili. Halafu mkono wa kulia ukaingia karaini.

Ba Mulenga alimtazama kwanza kwa mzaha. "Ba sista," alisema, "kapenta, wale dagaa, nauza pale mbele. Hizi haziliwi."

"Najua," Tumpale akasema. "Zako zina miba zaidi."

Watu wawili watatu walikuwa wamesogea kutazama, kama wanavyosogea watu wa mpakani kwenye jambo lolote lisilo la kwao. Vidole vilikwenda. Nilikuwa nimeviona vikisoma kitabu kila siku na sikuwa nimewahi kuviona vikisoma kwa njaa. Anachukua kijiti, kidole gumba kwenye pengo: kizazi kingine, anakiweka kushoto. Anachukua, pengo ni lile, kidole cha shahada kinatembea juu ya vidonge, kinafika katikati, kinasimama. "Huyu ana mchungaji," anasema, na kukiweka kulia. Rundo la wachungaji likakua. Migodi yote ya shaba ilikuwa imemwaga ramu zake pale. Ba Mulenga aliacha mzaha. Akaanza kumpa mwenyewe kiganjani, kimoja kimoja, na nikagundua kwamba anapanga: wa mgodini huku, wa nyumbani kule, akijifunza karai lake mwenyewe. Jua lilihama kutoka miguuni petu likapanda ukutani. Kaka Halinga alikuwa amejifunga mikono kifuani na midomo yake ilikuwa inacheza, nadhani alikuwa akiomba. Karai likaanza kuonyesha chini.

Kisha kidole kikapita katikati bila kusimama. Kikaenda hadi mwisho, kikarudi. Akageuza. Kikaenda tena. Mkono wa kushoto ukainua ramu ya zamani, pengo kwa pengo, akazibana pamoja na kupitisha ukucha ukingoni. Alimnyooshea Kaka Halinga, naye akakipeleka kwenye mwanga, akahesabu kwa midomo, vinane upande huu, vinane upande ule.

"Ba sista," alisema Ba Mulenga taratibu, "ukipenda kazi, rudi."

Hatukushangilia njiani. Tulikuwa tumejifunza kutoka kwenye ile mboga ya karanga. Nyumbani Kaka Halinga alifungua sipiyu, akasugua meno kwa raba, na alipotaka kukiingiza Tumpale akamzuia mkono. Akaomba afanye mwenyewe. Fundi akamwelekeza mfereji ulipo, naye akakilaza kijiti juu yake, akatafuta pengo, akabonyeza kwa vidole gumba viwili. Vishikizo vikalia. Juu ya ukuta hapakuwa na redio. Mama Kasuba alikuwa ameizima. Feni ikazunguka, na tukakaa katika kimya kile ambacho kilikuwa kimetushinda siku zote, na hakukuwa na mlio, na hakukuwa na mlio, na kisha, kutoka kwenye spika ndogo, puani, kama mtu aliyeamshwa bila kupenda: "Karrr-ibu." Tumpale alibonyeza herufi. Ikasemwa. Akabonyeza nyingine, ikasemwa. Akaandika kwa kasi, na kila herufi ikaja wakati wake, ikishikana na kidole chake kama kivuli na mguu. Aliandika jina lake tu, mara nyingi, Tumpale, Tumpale, na Shemeji akaliita kila mara bila kuchoka. Kutoka chumba cha pili tukasikia mtu akipenga kamasi.

Jumatatu baba mdogo alikuja kama alivyosema. Aliletewa kiti. Alivua kofia, na ndiyo mara ya kwanza nilipoona kwamba nywele zake zimekuwa nyeupe. Tumpale akamwuliza aandike nini. Mzee akafikiri sana, kama mtu aliyeombwa ushahidi, akasema, "Andika kwamba baba yako mdogo amekuja." Vidole vikaenda. Kisha Shemeji akasoma, kwa lafudhi yake ile ya ajabu, kwamba baba yangu mdogo amekuja. Mzee alitikisika. Akatazama spika, akatazama uso wa mtoto wake, na Tumpale, akitaka kuendelea, akateremka kwenye mstari unaofuata.

"Tupu," Shemeji akasema.

Mzee akakunja uso. "Tupu nini?"

"Ni mstari ambao haujaandikwa kitu, baba."

Alikaa akilizungusha jibu hilo. Malori yalikuwa yakiwasha injini barabarani. Alinyanyuka, akavaa kofia, akaweka mkono juu ya kichwa cha Tumpale kama anavyofanya mchungaji kwa mtoto wa kipaimara.

"Basi andika," alisema.

Akaondoka peke yake. Muhula ulipoanza Tumpale alikwenda na ile sipiyu, akajaribiwa, akabaki huko. Mimi nilibaki na chumba, na kuta, na ramu ndogo ya zamani aliyoniachia kwenye dirisha, na kwa muda mrefu nikirudi kazini nilitega sikio mlangoni nikitarajia mtu anayeongea puani. Tulionana mara chache baadaye kuliko tulivyoahidiana. Ndivyo maisha yanavyofanya. Lakini kila nikisikia watu wakisema kwamba fulani hafai mahali fulani, hukumbuka kile kijiti cha mgodini, kipana, kizima, kisicho na kosa lolote, kikilia katika mashine isiyojua kuzungumza nacho. Na hukumbuka pia kwamba kilikuwepo kingine, chini kabisa ya karai, kilichongoja kidole.

Siku ya mazishi, baada ya watu kutoka makaburini na kunawa, wanawake tuliingizwa chumbani kwake. Baba mdogo alikuwa humo, ameketishwa pembeni kwa sababu ya baridi. Amezeeka sana. Macho yake yameingia ukungu, na msichana mmoja ndiye aliyemwelekeza kikombe mkononi. Mama mmoja aliyekuwa akipanga mahali pa kuweka chupa za chai aliinua kompyuta ndogo ya Tumpale kutoka mezani, na kifuniko kikafunguka. Mashine ikaamka, ikaendelea pale mwenyewe alipoishia. Ilikuwa sauti kali, ya haraka kupita kiasi, kama mchanga unaomwagwa kwenye bati. Hakuna neno lililosikika. Wanawake wakarudi nyuma. Mmoja akasema ifungwe, si vizuri. Lakini mimi nilijua ni nini. Sikio la Tumpale lilikuwa limekua hadi kufika kasi ile, na miongoni mwetu sote hakuna aliyebaki wa kuielewa. Nikasogea, nikatafuta vitufe alivyonifundisha zamani, nikaipunguza, nikaipunguza tena, hadi ikawa sauti ya kiume, ya puani, inayosoma Kiswahili kama mtu aliyekikariri mbali.

Baba mdogo aliinua kichwa. "Huyo bwana bado yupo?"

Ilikuwa insha ya mwanafunzi, habari za kuvuna mahindi kwao, na jinsi bibi yake anavyokataa kuvuna safu ya mwisho hadi wapita njia wapate. Watu waliisikiliza yote. Ilikuwa na makosa, na Shemeji aliyasoma kama yalivyo. Ilipofika mwisho, pale ambapo mwalimu huweka neno lake, mashine ikasema:

"Tupu."

Nje walikuwa wakipasua kuni. Mzee aliweka kikombe chini, akikitafutia sakafu kwa mkono, na akaugeuza uso wake kuelekea nilipo.

"Basi andika," alisema.

Nikafumba macho, kama Tumpale alivyonifundisha, vidole vikatafuta vile vinundu viwili vinavyokuonyesha herufi zilipo. Shemeji akaziita moja moja, taratibu, chumba kizima kikisikia. Ve. E. Me. A.